Gunia la kilo 142

Leo asubuhi nimevunja barafu kwenye beseni kwa mwiko. Maji niliyakinga jana jioni ili niwahi kuosha vyombo, nikasahau kuyaingiza ndani. Ukisahau maji nje mwezi wa saba huku kwetu, asubuhi unayakuta yamefunga kioo juu. Bibi alikuwa jikoni, kaukumbatia moto, mzula umemshuka hadi kwenye nyusi. Aliposikia ule mlio wa mwiko akasema bila kugeuka, "Basi vile vya bondeni vimekwisha."

Alikuwa anasema viazi vyetu vya kinyungu, lile shamba dogo la bondeni kwenye unyevu. Nikavaa mabuti nikateremka. Majani yalikuwa bado yamesimama wima, kingo zake nyeupe kama zimenyunyiziwa chumvi, na mgeni angeona shamba zima na zuri. Lakini barafu inaua usiku, na kifo kinaonekana jua likitoka. Nilisubiri. Jua lilipovuka ule msitu wa misindano na kugusa tuta la kwanza, weupe ukayeyuka, majani yakang'aa kidogo kwa maji, halafu yakaanza kulala moja moja. Hata saa moja haikupita, yakawa meusi na mateketeke kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto. Robo eka yote. Nilirudi nyumbani sina la kumwambia Bibi, naye hakuniuliza.

Kwetu ni Makete, Mkoa wa Njombe, upande wa Matamba, ukingoni mwa uwanda wa Kitulo. Jina la kijiji nalihifadhi kwa sababu kaya zetu ni chache, nikitaja kijiji ni kama nimetaja watu. Nilipokuwa Dar es Salaam watu walikuwa wakiniuliza Makete ndiyo wapi, nawajibu "juu ya Chimala". Aliyewahi kusafiri barabara kuu ya Mbeya anaikumbuka Chimala: joto, mashamba ya mpunga, wauza mchele wanaokimbilia madirisha ya basi. Hapo ndipo tunaposhukia. Ukigeuka kusini unaona ukuta wa mlima, na sisi tunaishi juu ya ukuta huo.

Barabara inayopanda inaitwa Hamsini na Saba, ndiyo hesabu ya kona zake. Unaanza kupanda umevaa fulana, na kabla hujafika nusu ya kona abiria wanafungua mabegi kutafuta makoti. Mimi nikiwa mtoto nilikuwa nazihesabu kwa vidole, na kila mara nilipotea kwenye thelathini na kitu kwa sababu ya kizunguzungu. Siku hizi ninachokiangalia ni tandiboi wa Fuso. Lori likipanda na mbolea, yeye anatembea kwa miguu nyuma yake, gogo mkononi. Dereva akisita kidogo kwenye kubadili gia, kijana analitupa gogo chini ya tairi la nyuma, lori linapumzika juu yake, kisha linaondoka tena. Nilimwona mmoja amelifunga gogo lake kamba ya katani, analivuta kama mtu anayevuta mbuzi, ili asiwe anainama kila kona. Mtu huyo anafika Matamba amepanda mlima mzima kwa miguu, na bado mzigo unamsubiri aushushe.

Nimekaa Kariakoo miaka kumi na moja. Anayewajua Wakinga, watu wa kwetu, hatashangaa. Ukimaliza shule huku, ndugu mwenye duka anakuita, unamuuzia miaka mitatu minne, ukiwa mwaminifu anakupa mtaji unaanza chako. Mimi niliuza mashuka na mapazia. Nilirudi mwaka 2019, Bibi alipoanguka kwenye utelezi akavunjika nyonga. Tulimpeleka Ikonda, hospitali ya misheni iliyomo humu humu wilayani. Tulipokuwa tunasubiri nilikaa na mama mmoja aliyetoka Dodoma na mwingine aliyetoka Dar es Salaam, wote wamesafiri usiku kucha kuifuata hospitali hiyo. Mimi nilizoea kujiona natoka mwisho wa dunia, kumbe kuna watu huko mjini ambao njia yao ya kupona inapita kwetu.

Bibi akatembea tena, kwa mkongojo. Nilikuwa nimepanga kurudi dukani baada ya miezi mitatu. Sikurudi.

Inabidi nieleze huyu bibi ni nani kwangu. Baba yangu alikufa mwaka 1999, mama akamfuata 2001. Baba mdogo na mkewe nao pia. Watu wa umri wangu kutoka Makete hawahitaji kuambiwa walikufa kwa nini. Miaka ile tulikuwa tunazika hadi mafundi wa majeneza wakawa wanalala karakana. Utafiti wa mwaka 2011–12 ulikuta watu wazima 14.8 kwa kila 100 mkoani Njombe wana virusi vya UKIMWI, mkoa wa kwanza nchini, na ule wa 2022–23 ukakuta 12.7, bado wa kwanza. Hizo ni namba za baada ya dawa kuja. Sisi tuliokuwa watoto kabla ya dawa tulihesabu kwa madawati. Tulibaki wajukuu watano kwa Bibi mmoja, na Bibi alikuwa na jembe, eka mbili za mteremko na kinyungu kimoja bondeni. Viazi ndivyo vilivyotununulia madaftari, mablanketi na chumvi. Kila gunia lililoshuka Hamsini na Saba lilikuwa na sehemu yetu ndani yake.

Ndiyo maana habari ya gunia inaniuma kuliko habari ya baridi.

Wanaokula chipsi mjini na hawajawahi kuona lumbesa shambani, iko hivi. Gunia la kawaida likijaa viazi mpaka mdomoni lina kilo 100 hivi, na sheria ya vipimo inasema mzigo wa mazao usizidi hapo. Mnunuzi anakuja na vijana wake wa kujaza. Hao ni mafundi hasa. Wanalijaza gunia, wanalitikisa, wanalikalia, wanalijaza tena. Halafu mdomoni hawashoni. Wanachukua kipande cha gunia jingine au wavu, wanakisimamisha kama shingo, wanapanga viazi kimoja kimoja kwa kuzunguka, vikubwa nje, vidogo katikati, mpaka juu kunakuwa na kichuguu, ndipo wanakaza kamba. Ile sehemu ya juu tunaiita kofia. Gunia likimalizika linakuwa na umbo la mtu mnene aliyevaa kilemba, na bei inayolipwa ni ya gunia moja.

Nilikulia ndani ya jambo hilo na sikuliona. Nililiona Dar es Salaam. Siku moja nilimsindikiza jirani yangu wa dukani soko la Mabibo kununua viazi vya sherehe. Muuzaji akafungua lumbesa mbele yetu. Kwanza akaifumua ile kofia, akaimwaga pembeni kwenye turubai, akamwambia kijana wake, "Hii weka kando, hii ni yetu." Halafu gunia lililobaki, lililo sawasawa na mdomo wake, ndilo akaanza kulipima kwa sado na kwa kilo kumwuzia mteja. Nilisimama pale nikitazama lile rundo la kando. Viazi vyenyewe vilikuwa bado na udongo wetu mweusi. Nilitaka kumwambia kitu, nikakosa hata pa kuanzia, maana kwake ile ilikuwa kazi ya kawaida ya asubuhi.

Basi mwaka juzi, mwezi wa tano, tulivuna vizuri. Mbegu ya viazi iitwayo Obama ilikubali, mvua haikuzidi, ule ukungu wa majani tuliuwahi kwa dawa mapema. Mnunuzi akaja, tukakubaliana Sh 60,000 kwa gunia, magunia 30. Vijana wake wakajaza mchana kutwa, wakayaacha magunia yamepangwa kando ya shamba, lori lije kesho yake. Jioni nilienda kuyafunika kwa nyasi. Nikajaribu kuliegemeza moja lililoinama, halikusogea. Nikamwita jirani yetu, mwanaume wa nguvu, tukalisukuma wawili, likasogea kidogo kama ng'ombe asiyetaka kuamka.

Usiku ule sikulala. Kwa yule jirani kulikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia pareto. Nikaenda kumgongea mlango saa nne ya usiku, huku watu wakiwa wameshalala tangu saa mbili. Tukaitundika kwenye tawi la mti wa muwati, mkewe akatushikia tochi. Tukafungua gunia moja, tukalipima kwa viroba, yeye anasoma, mimi naandika nyuma ya daftari la mwanawe la hisabati. Cha kwanza 21. Cha pili 19 na nusu. Cha tatu 22. Cha nne 20. Hapo nilidhani tunaelekea mwisho na gunia bado lilikuwa na tumbo. Cha tano 21. Hapo tulishavuka 100. Cha sita 20 na nusu. Cha saba, cha kukung'utia, 18. Nilijumlisha, nikampa yule jirani ajumlishe, tukampa mkewe. Kilo 142.

Hakuna aliyesema neno. Yule mama akazima tochi ili asimalize betri, tukakaa gizani na viazi vyetu miguuni.

Hesabu nyingine niliifanya nyumbani kwa mwanga wa simu. Kama yote yalikuwa sawa na lile, magunia 30 yalikuwa na kilo 4,260, na mimi nalipwa kilo 3,000. Kilo 1,260 zinaondoka bure. Kwa bei ileile tuliyokubaliana ni Sh 756,000, ambayo kwa bei ya ruzuku ya mwaka 2022, mfuko wa mbolea ya DAP Sh 70,000, ingeninunulia mifuko kumi na chenji ikabaki. Mbolea ya misimu mitatu kwa shamba la ukubwa wetu. Na hiyo ni msimu mmoja. Nikawaza Bibi ameuza viazi miaka mingapi. Hapo nikaacha kuhesabu.

Asubuhi nilimwambia. Alinisikiliza akimenya njegere, vidole vyake havikusimama. Akasema, "Mama yangu alikuwa anauza hivyohivyo, ila enzi zake kofia ilikuwa fupi." Kisha baada ya muda, kama mtu aliyekumbuka kitu mbali: "Mwaka ule wa ada ya kaka yako nilipungukiwa gunia moja na nusu." Kaka yangu hakumaliza kidato cha tatu. Yuko Makambako, anaendesha bajaji, anaishi vizuri tu na watoto wake. Lakini alikuwa akiipenda fizikia.

Lori lilipofika nilimwonyesha mnunuzi daftari. Sitamtaja, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya, hata sauti hakupandisha. Alinieleza kwa utulivu, na nilimwelewa: ushuru anatozwa kwa gunia, wapakiaji anawalipa kwa gunia, lori anakodi kwa idadi ya magunia, na kule sokoni anamkuta mwenzake aliyekuja na lumbesa, kwa hiyo yeye akifika na gunia la shingo fupi hakuna anayemtazama. "Dada, mimi nikikununulia kilo 100, nitakufa peke yangu," aliniambia. Nikamjibu, "Kaka, na mimi nikikuuzia 142 ninakufa na bibi yangu." Tukatazamana. Ukweli ni kwamba kila kinachomwumiza njiani anakigeuza kuwa viazi na kukiweka juu ya gunia langu, na mimi sina wa kumbebesha baada yangu.

Majirani walikuja. Mwenyekiti wa kitongoji akaja. Watu sita tuliokuwa tumemwuzia siku ile tukasema hatupakii bila kutoa kofia. Mnunuzi akazima injini. Ikafika saa nane, mawingu yakaanza kushuka kutoka Kitulo, na kila mtu pale alijua maana yake: lori zito haliteremki Hamsini na Saba kwenye tope, na viazi vikilowa ndani ya gunia vinaoza. Mmoja wetu ana mtoto aliyekuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya michango, akasema yeye hawezi kusubiri, apakiwe. Simlaumu hata kidogo. Wa pili akafuata. Mwisho tukabaki watatu, na tulichopata ni kofia kupunguzwa nusu. Nilipima moja kabla halijapanda. Kilo 121.

Lori liliondoka saa kumi. Mvua ilianza saa kumi na moja.

Watu huniuliza kwa nini nisirudi mjini, na wengine wanaojua Kitulo huniambia nina bahati ya kuishi jirani na Bustani ya Mungu. Ni kweli. Kuanzia Desemba mpaka Aprili uwanda ule, ulio zaidi ya mita 2,600 juu ya bahari, unachanua maua ya kila namna, na mtu anaweza kutembea kutwa asikanyage ardhi isiyo na rangi. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ni kwa ajili ya maua, wala si tembo na simba. Kabla ya hapo wajomba zangu walikuwa wanachimba kikanda kule, vile viazi vidogo vya okidi, vinapakiwa kwenda Zambia ambako ni kitoweo. Mimi mwenyewe nimebeba kiroba cha kikanda kichwani nikiwa na miaka tisa, sijui kwamba kila kimoja ni ua zima linaloondoka. Nafurahi yalipona. Ninachotamani ni kwamba wageni wanaopita na magari yao kwenda kupiga picha wasimame siku moja kwetu, wanunue hata ndoo ya viazi. Barabara ni hiyohiyo.

Na mabadiliko yapo, siyasahau. Lami sasa inatoka Njombe mpaka Makete mjini. Umeme umefika shuleni na kwenye nyumba za karibu na shule. Mtandao wa simu unakamata kwenye ile tuta la juu ya zahanati, ndipo ninapoandikia haya, nimejifunika blanketi na vidole vinagoma. Kuna vijana watatu wamerudi kama mimi, mmoja amepanda miti ya matufaa, mwingine anazalisha mbegu bora ya viazi. Vilio vya mazishi vimepungua sana. Watoto wanaomaliza darasa la saba mwaka huu, wengi wana mama.

Mwaka jana nilinunua mizani yangu mwenyewe Mbeya, ya kuning'iniza, ya kilo 200. Nimeifunga kwenye boriti ya stoo. Siku ya kwanza wazee walikuja kuitazama tu, kila mmoja akataka apimiwe kitu chake: kuku, mfuko wa ngano, mzigo wa kuni. Bibi akaleta mkungu wa ndizi alioletewa kutoka Rungwe. Wanawake watano sasa wanapima kwangu kabla ya kuuza, wanaondoka na karatasi yenye namba. Mnunuzi anaweza kukataa ile namba, lakini muuzaji ameshaijua.

Leo mchana simu yangu imeita nikiwa hapa juu. Ni dalali mmoja wa Chimala. Baridi imeunguza vinyungu vya watu wengi usiku huu, na wao kule habari hizi huwafikia kabla hatujamaliza kuomboleza, maana viazi vikipungua bei inapanda. Akaniuliza kama tunavyo vya stoo. Nikamwambia tunavyo, vya mwezi wa tano, magunia tisa. Akasema, "Alhamisi nakuja na vijana."

Nikamwambia aje mwenyewe, vijana wa kujaza hatuwahitaji, vimeshapimwa, kila gunia kilo 100 na limeshonwa mdomo.

Akanyamaza. Nilisikia pikipiki zikipita upande wake, na mtu akitangaza mchele. Kisha akasema atanipigia.

Hajapiga mpaka sasa, na jua linazama. Nikiteremka nitamkuta Bibi yuko stoo, amekalia kigoda, anachagua mbegu ya kupanda tena bondeni mvua zikianza: vyenye macho mengi kulia, vyenye madoa kushoto, na kila anachokichukua anakipitisha kwanza shavuni kusikia kama baridi imekiingia.